Machimbo ya zamani kuwa hifadhi ya mtaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Dodoma na Kanda ya Kati

Ukurasa huu ni wa kamati za mitaa, serikali za vijiji, shule na vikundi vinavyotaka kurudisha uhai kwenye machimbo ya kokoto, moramu au mchanga yaliyoachwa. Vipimo vilivyotolewa ni vya nchi kavu yenye msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Kwenye mvua nyingi zaidi, mengi ya haya hayahitajiki.

## Kabla ya kushika jembe

1. Machimbo ya namna gani yanafaa?

Yaliyo mengi hapa kwetu ni mashimo ya moramu waliyoyaacha wajenzi wa barabara, machimbo ya kokoto kwenye vilima vya itale, na mashimo ya mchanga kando ya makorongo. Barabara ya mzunguko wa nje ya Jiji la Dodoma peke yake ina kilomita 112.3, na reli ya SGR kutoka Morogoro hadi Makutupora ni kilomita 422. Kifusi na kokoto za kazi za namna hiyo huchimbwa mahali, na mahali hapo hubaki shimo.

Ukubwa wa eneo si hoja. Hekta 2 zenye mlinzi zinashinda hekta 40 ambazo kila mtu anapita na mbuzi wake. Ulizeni mambo matatu: uchimbaji umekwisha kweli? Kuna mtu wa kuangalia eneo mwaka mzima, hata Oktoba ambapo hakuna cha kuonyesha wageni? Na je, ardhi ina sumu? Kwa hilo la mwisho, someni swali la 7 na la 18.

2. Tunaanza na kupanda miti, sivyo?

Hapana. Kampeni ya kupanda miche elfu moja kwenye sakafu ya machimbo hutoa picha nzuri Januari na vijiti vikavu Agosti. Sakafu imeshindiliwa na magari mazito, maji yanateleza juu yake, na mbuzi wanamalizia kilichobaki. Utaratibu unaofanya kazi ni huu: usalama wa watu, kisha kuzuia mifugo, kisha kukamata maji, kisha nyasi. Miti inakuja mwisho, na ukifuata mpangilio huo mingi itajiotea yenyewe.

3. Inachukua muda gani?

Nyasi huonekana msimu wa kwanza au wa pili wa mvua. Vichaka vya kuficha kwale na kanga ni miaka mitatu hadi mitano. Mti wa kukaa chini yake ni miaka kumi na zaidi, na mpingo usiuhesabu kabisa katika maisha ya mradi. Mfadhili anayetaka msitu ndani ya miaka mitatu aambiwe mapema.

## Ardhi, leseni na vibali

4. Eneo lina mwenyewe kweli? Tunajuaje?

Anzeni kwa Afisa Madini Mkazi, si kwa Mtendaji. Machimbo yanayoonekana yametelekezwa yanaweza kuwa na leseni hai. Leseni ndogo ya uchimbaji hudumu miaka saba na inahuishwa. Chukueni alama za GPS za pembe za eneo, mpeleke, muulize kama kuna leseni inayofunika hapo. Kama ipo, mwenye leseni anawajibika kuliacha eneo likiwa salama, kwa hiyo msisaini makabidhiano yoyote kabla hajashusha mawe yaliyolegea na kuondoa mabaki ya mitambo. Mkishasaini, gharama ni zenu.

Baada ya hapo njia zinaachana. Ndani ya Jiji au mji mdogo, ardhi iko chini ya halmashauri. Mnaomba kupitia ofisi ya mipango miji eneo litengwe kwenye ramani kuwa eneo la wazi au la hifadhi, na bila mstari huo kwenye ramani kuna siku mtakuta vigingi vya viwanja. Kijijini, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wa hifadhi wa kijiji. Eneo linaingizwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, linajadiliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, linakabidhiwa Kamati ya Maliasili, na sheria ndogo zinapelekwa halmashauri kuidhinishwa. Muhtasari wa mkutano uwe na saini za mahudhurio. Mgogoro ukizuka, hiyo ndiyo karatasi ya kwanza kuulizwa.

5. Tunahitaji tathmini ya athari kwa mazingira?

Pelekeni maelezo mafupi ya mradi ofisi ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) ya Kanda ya Kati, wao ndio wanaopanga mradi uko daraja gani. Kuchimba vijaruba (vishimo vya kukamata maji, swali la 9) na kufunga eneo kwa miiba si sawa na kujenga tuta la bwawa au kuleta katapila. Bwawa na kutumia maji ya korongo kunahitaji pia kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde husika. Dodoma ina mabonde zaidi ya moja, hivyo ulizeni kwanza korongo lenu linamwaga wapi.

## Usalama

6. Kuta za machimbo tuzisawazishe?

Inategemea ni za nini. Ukuta wa udongo, moramu au mchanga ulegezwe hadi mteremko wa 1:2, yaani kila mita moja ya kimo ipewe mita mbili za kwenda mbele, au zaidi ya hapo. Ukiachwa wima unamomonyoka kila mvua na unaweza kufukia mtoto anayecheza chini.

Ukuta wa itale ngumu uacheni. Ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote: pimbi, bundi, mbayuwayu na mijusi kafiri watahamia wenyewe. Kinachotakiwa ni kuangusha mawe yanayoning'inia, kwa mtaimbo, mkianzia juu kwenda chini, mtu akiwa amefungwa kamba na chini hakuna anayepita. Rudieni ukaguzi kila baada ya mvua kubwa. Juu ya ukingo, wekeni tuta la udongo na mawe lenye kimo cha mita 1 hadi 1.5, angalau mita 5 kutoka ukingoni, halafu pandeni minyaa au mkonge juu yake. Utomvu wa mnyaa unaunguza macho. Anayekata vipando avae miwani na asijifute uso.

Kipande cha ukuta wa mchanga chenye kimo cha mita 2 kinaweza kubaki wima kwa ajili ya keremkerem, ambao huchimba viota ndani yake. Kizungushieni miiba watu wasikaribie.

7. Tumekuta waya, vipande vya baruti na udongo mweusi wa mafuta. Tufanye nini?

Waya zenye kichwa cha chuma au kijiti chochote kilichobaki ndani ya tundu la kuchoronga: msiguse, msivute, wekeni alama kwa mbali na mwite polisi na ofisi ya madini siku hiyo hiyo. Baruti iliyoshindwa kulipuka haizeeki ikawa salama.

Udongo wa mafuta hupatikana pale kresha (mashine ya kuponda mawe) au jenereta ilipokaa. Tieni kiganja cha udongo kwenye chupa ya maji safi, tikiseni, acheni dakika kumi. Ukiona utando wenye rangi za upinde juu ya maji, uchimbueni wote hadi mtakapofika udongo usio na harufu. Kama ni toroli chache, utandazeni juu ya plastiki nene kwa unene wa sentimita 30, changanyeni na samadi, funikeni mvua isiupige, na mgeuze kila wiki mbili ukiwa na unyevu. Kama ni zaidi ya lori moja, au kuna madumu ya lami na betri za magari, hiyo ni taka hatarishi ya kushughulikiwa na mwenye kibali. Waulizeni NEMC.

## Maji na udongo

8. Sakafu ni ngumu kama lami. Jembe halizami.

Ipasueni kwa trekta lenye jino refu la ripa, kina cha sentimita 50 hadi 60, mistari ikiachana mita 2 hadi 3. Fanyeni hivyo Septemba au Oktoba, udongo ukiwa mkavu kabisa. Ardhi yenye unyevu haipasuki, inakatika tu kama sabuni na kujifunga tena. Mistari ifuate kontua, yaani mstari wa usawa mmoja unaokatiza mteremko. Ripa ikipita kushuka mteremko, mmetengeneza makorongo mapya kwa pesa yenu.

Kontua hupatikana kwa fremu ya A: miti miwili ya mita 2, mmoja wa kuunganisha katikati, kamba yenye jiwe ikining'inia kutoka kileleni. Kwanza tafuteni alama ya katikati kwa kusimamisha fremu sehemu moja, kuchora kamba inapogusa, kuigeuza miguu na kuchora tena. Katikati ya alama mbili ndiyo usawa. Upepo wa Dodoma mwezi Septemba unapeperusha jiwe dogo, kwa hiyo fungeni la nusu kilo.

Hakuna trekta? Rukeni hadi swali la 9, mtumie sururu sehemu za vijaruba tu.

9. Vijaruba vya nusu mwezi ni vya ukubwa gani, na kwa nini vyetu vilibomoka?

Kipenyo mita 4, kina sentimita 15 hadi 30, udongo unaotoka unawekwa upande wa chini kuwa tuta la nusu duara lenye kimo cha sentimita 30 hadi 40. Mdomo unaangalia juu ya mteremko. Safu ya pili ikae kwenye nafasi za safu ya kwanza, kama magamba ya samaki, ili maji yaliyoponyoka yakamatwe chini. Hekta moja inabeba takriban 300. Kwenye sakafu ngumu mtu mmoja anamaliza viwili hadi vitatu kwa siku.

Hesabu yake ni hii: mvua ya milimita 20 ikinyesha juu ya mita 10 za mraba ni lita 200. Sakafu ya machimbo inanyonya kidogo sana, hivyo hata nusu yake ikitiririka, kijaruba kimoja kimepata lita 100 kwa mvua moja. Ugumu uliokuwa unaua miche sasa ndio unaowaletea maji.

Vinavyobomoka huwa na moja kati ya kasoro hizi: ncha mbili za tuta haziko usawa mmoja, kwa hiyo maji yote yanatokea upande mmoja, tuta halikushindiliwa kwa miguu, au juu yake kuna mkondo wa maji ya barabara ambao haukuelekezwa kwingine. Ncha ziwe chini kidogo kuliko katikati ya tuta, sentimita 10 zinatosha, na mziwekee mawe ili maji ya ziada yatokee hapo kwa amani. Mteremko ukizidi 1:10, achaneni na nusu mwezi, tumieni makinga maji ya mawe yanayofuata kontua.

10. Udongo wa juu hatuna. Tununue?

Msinunue. Udongo wa kununua umechunwa kwenye eneo la mtu mwingine, na unakuja na mbegu za magugu. Tafuteni kwanza kandokando ya machimbo, kwani mara nyingi katapila lilisukuma udongo wa juu pembeni kabla ya kuchimba na bado uko pale chini ya nyasi. Utandazeni ndani ya vijaruba tu, sentimita 10, siyo sakafu nzima. Ongezeni debe moja la samadi iliyooza kwa kila shimo la mti. Matandazo ya nyasi yaliwe na mchwa bila kuwasumbua; wao ndio wanaofungua udongo.

## Nyasi, vichaka na miti

11. Kisiki hai, yaani kukuza miti kutoka visiki vinavyochipua, kinawezekana machimboni?

Pembezoni ndiyo, sakafuni hapana, kwa sababu mizizi iliondoka na udongo. Zungukieni eneo lote Julai, mtafute visiki vinavyochipua. Kwa kila kisiki chagueni machipukizi mawili hadi matano yaliyonyooka na yenye afya, kateni mengine, pogoeni matawi ya nusu ya chini, fungeni kitambaa cha rangi ili mpita njia ajue mti una mwenyewe. Rudini kila baada ya miezi michache. Mgunga wenye mizizi ya miaka 20 chini ya ardhi utaupita mche wenu wa kitalu kwa mbali.

12. Tupande aina gani, na mbegu tunaziandaaje?

Angalieni kilima cha jirani ambacho hakijachimbwa, mpande kilichopo hapo. Kwa machimbo mengi ya Dodoma orodha itakuwa na migunga, mkwaju, mbuyu, mikole, milama na mpingo. Mbegu za mgunga zimwagieni maji yaliyochemka na kuepuliwa, ziache saa 24. Zilizovimba panda, zilizobaki rudia. Mbegu ya mbuyu ina ganda gumu zaidi: ikwangue kwa msasa upande mmoja kwanza. Mkwaju loweka saa 24 katika maji ya kawaida. Mpingo hauhitaji chochote.

Njia ya bei nafuu kuliko zote ni samadi ya mbuzi iliyokusanywa zizini wakati wanapokula matunda ya migunga, Agosti hadi Oktoba. Mbegu zimeshapita tumboni na ganda limelainika. Itandazeni kwenye mistari ya ripa kabla ya mvua. Tahadhari: samadi hiyo huja pia na mtunduru, ambao ukipata nafasi unafunga eneo lote. Ung'oeni ukiwa mdogo.

13. Miche tuipande lini?

Si mvua ya kwanza. Chimbeni kwa mkono: unyevu ukifika sentimita 30, pandeni, kwa kawaida ni katikati ya Desemba hadi mwanzo wa Januari. Mashimo ya sentimita 60 kwa 60 kwa 60 yachimbwe mapema, ndani ya kijaruba lakini kando ya sehemu yenye kina, mche usizame. Februari huwa na siku nyingi bila mvua, na hapo ndipo miche iliyochelewa hufa. Kiangazi cha kwanza kila mche upate lita 10 kwa wiki. Zidisheni lita hizo kwa idadi ya miche kabla hamjaagiza kitaluni. Wengi wangeagiza robo tu.

14. Mwarobaini unastawi Dodoma bila shida. Kwa nini msiushauri?

Kwa sababu hiyo hiyo. Ndege wanakula matunda yake na kusambaza mbegu, na chini yake hakioti kingi. Pandeni getini na kwenye maegesho. Mlusina nao vivyo hivyo. Mkaratusi msiuweke karibu na bwawa kabisa.

15. Nyasi zipi?

Kwanza subirini msimu mmoja eneo likiwa limefungwa, muone zinazorudi zenyewe. Mapengo yakibaki, tumieni *Cenchrus ciliaris*, ambayo ni ya nchi kavu na imezoeleka Kongwa na Mpwapwa kwenye vituo vya utafiti wa mifugo na malisho vya TALIRI (Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania). Kilo 4 hadi 5 kwa hekta, zikichanganywa na mchanga mkavu kwa sababu mbegu zake zina manyoya na hushikana. Zifukiwe sentimita 1 tu. Mbegu zilizovunwa mwaka huo huo huota vibaya. Zihifadhiwe miezi sita au zaidi.

## Bwawa

16. Shimo linajaa maji masika na kukauka Novemba. Tulizuieje?

Msilizuie. Jua na upepo wa hapa huondoa takriban mita 2 za maji kwa mwaka, kwa hiyo shimo la kina cha mita 1.5 lililojaa Aprili litakuwa tope kabla ya mvua mpya hata kama halivuji. Bwawa la msimu ni zuri kwa vyura kwa sababu samaki hawadumu humo wakala mayai na viluwiluwi. Ndiyo maana pia hatushauri kumwaga perege.

Lenye kina kirefu na kuta wima ni hatari. Upande mmoja ulegezwe hadi 1:3 ili aliyetumbukia, mtu au mbwa, apate pa kutokea, na kamba nene ifungwe pande zilizobaki.

17. Je, halitaleta malaria na kichocho?

Mbu wa malaria hapa hupenda vidimbwi vidogo vyenye jua: alama za matairi, nyayo za ng'ombe, mashimo ya kuchota mchanga. Fukieni hivyo kabla ya kuhangaika na bwawa, ambalo lina kereng'ende na wadudu wanaokula viluwiluwi vya mbu. Ikibidi, halmashauri inaweza kuwashauri kuhusu viuadudu vya kibayolojia vinavyotengenezwa Kibaha. Kichocho ni suala la tabia: watoto wasiogelee, na pasiwe na haja ndogo wala kubwa karibu na maji. Choo kijengwe upande wa chini wa mteremko.

## Watu, mifugo na yasiyo ya kawaida

18. Yetu ni machimbo ya dhahabu. Maelekezo ni haya haya?

Hapana, simameni. Kanda hii imechimba dhahabu zaidi ya karne moja, tangu Sekenke huko Iramba mwaka 1909, na panapochenjuliwa dhahabu pana uwezekano wa zebaki au sianidi. Marundo ya unga wa kijivu na mabwawa madogo yaliyosakafiwa ni dalili. Sampuli zipelekwe maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kabla ya kuchimba kijaruba hata kimoja. Kukusanya maji mahali hapo ni kuisukuma sumu chini.

19. Wafugaji wamepita hapa siku zote. Tuwafungie?

Mfano wa kufungia kabisa tunao. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye milima iliyomomonyoka ya Kondoa. Uoto ulirudi, lakini ilikuwa amri, na wenye mifugo walibeba gharama. Kwa hekta chache za machimbo kuna njia ya makubaliano: eneo lifungwe misimu miwili hadi mitatu, birika la kunyweshea liwekwe nje ya uzio, na kuanzia mwaka wa pili nyasi zikatwe kwa mundu na kubebwa, familia kwa zamu, Mei na Juni. Anayekata nyasi huilinda hifadhi kuliko anayelipwa posho ya kikao. Faini ziwe kwenye sheria ndogo (swali la 4), vinginevyo hazina nguvu.

Ukataji huo unasaidia pia kwenye moto. Njia ya kuzuia moto yenye upana wa mita 6 kuzunguka eneo isafishwe Juni, kabla nyasi hazijakauka.

20. Malori ya mchanga yanaingia usiku.

Mlinzi peke yake hawezi kusimamisha lori. Chimbeni mtaro wa kina cha mita 1.5 na upana wa mita 2 kukata barabara ya zamani ya machimbo, mpange mawe makubwa pande zote. Pikipiki na baiskeli zitapita, lori halitapita.

21. Tumekuta michoro kwenye mwamba.

Msiimwagie maji, msiikwangue, msiichore kwa chaki ili ionekane kwenye picha. Sitisheni kazi hapo na mtoe taarifa kwa mamlaka ya mambo ya kale kupitia halmashauri. Michoro ya Kondoa iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006, na miamba ya namna ile haiishii Kolo, iliko michoro hiyo. Makaburi na sehemu za matambiko nazo: wazee wa eneo waitwe kabla ya kufungua njia ya wageni.

22. Mombasa walipanda mivinje machimboni ikafaulu. Tuige?

Machimbo ya saruji ya Bamburi, leo Haller Park, yalianza kupandwa 1971 chini ya René Haller, na majongoo ndiyo yaliyogeuza majani ya mivinje kuwa udongo. Igeni subira na majongoo. Mivinje iacheni pwani. Mombasa hupata mvua inayokaribia mara mbili ya ya Dodoma.

23. Mbuyu umebaki ukingoni, mizizi iko nje. Utaanguka?

Huenda ukasimama miaka mingi. Jengeni ukuta wa mawe makavu chini ya mizizi iliyo wazi, bila saruji ili maji yapite, mjaze udongo nyuma yake hadi kwenye usawa wa zamani na si zaidi. Shina likifukiwa linaoza. Gari lisipite chini ya matawi. Pigilieni vigingi viwili na kamba ya kupimia mwinamo, mkague kila mwezi wa masika. Ukiongezeka, hamisheni njia ya wageni na mizinga ya nyuki iliyo juu, mti muuache.